Sauti Iliyobaki kwa Mfadhili

Jumatatu, 4 Agosti

Sketi sita za sare tangu asubuhi. Sindano imevunjika kwenye ya nne. Mgongo unauma upande wa kushoto tu, sijui kwa nini.

Mchana Mwalimu Deus kapiga simu. Ni Mjita, kwao upande wa Musoma, anafundisha historia sekondari hapa Mwanza. Haoni tangu utotoni. Simu yake ina programu inaitwa Nisomee. Inamsomea kila kilichoandikwa, na sauti inayosoma ni yangu. Miaka sita iliyopita nilijifungia chumbani na vijana wa kompyuta, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, nikasoma sentensi siku nyingi mpaka taya likauma. Walinitafuta kwa sababu zamani nilikuwa natangaza safari za meli kwenye kipaza sauti cha bandarini. Tangu hapo mimi ndiye ninayemsomea Mwalimu. Yeye na wengine wengi nisiowajua.

Sasa imeharibika. Wiki iliyopita simu zimejisasisha, na Nisomee inakatika katikati ya maneno. Inasema "Mkuu wa shule anawaomba walimu wote" halafu basi.

"Bi Rukia, siku hizi unaniacha njiani," kasema. Alikuwa anatania. Nimeumia hata hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Kulwa kaja na mkate wa mayai. Ana miaka thelathini na kitu, anakaa Kiseke, ndiye anayeongoza vijana wanaoitunza Nisomee kwa kujitolea. Nimemwambia anieleze kama mtu mzima asiyejua kitu. Kanieleza vizuri.

Nisomee ni programu huria. Maana yake maandishi yanayoiendesha yako wazi, yeyote anaweza kuyachukua, kuyarekebisha, kuyatumia. Vijana waliijenga wenyewe. Baadaye ikaja kampuni ya nje, ikafadhili. Mitambo ikawa yao, jina likawa lao, na funguo za kuipeleka programu kwenye simu za watu zikawa kwao.

Hitilafu hii Kulwa kairekebisha kwa siku mbili. Dawa ipo. Imekaa tu, kwa sababu mwenye funguo ni kampuni, na kampuni haijajibu barua hata moja tangu Aprili. Haikatai wala haikubali. Kimya.

Nimeuliza: Na Erasto?

Kulwa katazama mkate. Erasto ndiye aliyeianzisha Nisomee, kisha kampuni ikamwajiri. Naye hajibu.

Sikumwambia kwamba simu zangu pia hapokei.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Mtaa umepungua watu. Sikushona.

Nimemfikiria Erasto kutwa. Enzi za kurekodi alikula hapa kila siku. Marehemu mume wangu, Salum, alimfundisha kucheza bao na kumfunga bila huruma. Salum alipofariki, Erasto alibeba jeneza upande wa mbele. Ananiita mama. Sasa miezi minne bila salamu.

Nina hasira naye. Pia naogopa anaumwa. Vyote viwili kwa pamoja, vinachosha.

Jumapili, 10 Agosti

Mkutano nyumbani kwa Kulwa, Kiseke. Sisi sita sebuleni, wengine kwenye skrini ya kompyuta, wa Nairobi, wa Musoma, wa Dar. Mimi nilialikwa kama mzazi tu. Nimekaa karibu na mlango.

Hoja ilikuwa moja. Wajitenge au wasubiri. Wenyewe wanasema kufoku. Ni kuchukua maandishi yote ya programu kama yalivyo, kuyapa jina jipya na nyumba mpya, na kuendelea bila kampuni. Sheria inaruhusu. Lakini jamii inagawanyika, watumiaji inabidi wahamishwe mmoja mmoja, na kampuni ikizinduka kesho mtakuwa mmeshavunja nyumba. Kijana wa Nairobi kasema kujitenga ni kumchoma Erasto kisu mgongoni. Kulwa kamjibu kwa ukali kwamba Erasto ndiye aliyeondoka kwanza. Wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Ndipo Mwalimu Deus akaomba kusema. Hakupaza sauti.

"Binti yangu kaniandikia wiki hii. Barua ndefu, kwenye simu. Amepata mimba, kijana kamkataa, hajui aanzie wapi kuniambia. Aliniandikia mimi. Nisomee ikagoma kwenye mstari wa pili. Nikampa simu mwenzangu wa meza ya jirani pale shuleni anisomee. Kwa hiyo yeye amejua kabla yangu. Alisoma polepole, kwa adabu. Lakini alisoma yeye."

Kulwa alilia waziwazi. Wamekubaliana kupiga kura baada ya wiki mbili.

Jumatano, 13 Agosti

Kulwa kaja tena, bila mkate. Alitaka kuona karatasi niliyosaini wakati ule. Nimeitoa kwenye sanduku la mabati, chini ya vitenge. Tumeisoma pamoja, neno kwa neno. Mara ya kwanza niisome. Wakati ule Erasto aliniambia, saini tu hapa mama, ni kawaida.

Maandishi ya programu ni ya wote. Sauti siyo. Rekodi zangu zote ni mali ya kampuni. Wakijitenga hawawezi kuondoka na mimi.

Itabidi warekodi sauti mpya. Nikasema haya, tuanze lini. Kulwa akapangusa miwani, akaivaa, akaipangusa tena. Kuna binti anaitwa Minza, kasema, anatoka Magu, anaimba kwaya, sauti yake nyororo sana. Walikuwa wamefikiria.

Nikasema vizuri, ni wazo zuri.

Si zuri. Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa goita. Tangu hapo sauti imeshuka na ina makwaruzo. Watoto wa mtaa wakipiga simu wanasema shikamoo baba. Najua yote hayo. Sikuhitaji kuyaona machoni mwa Kulwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda Sengerema. Siku hizi kuna daraja kule Busisi, watu wanazunguka kwa basi, mimi nimepanda kivuko kama zamani. Upepo baridi. Mtandio ulitaka kwenda na maji.

Nyumba ya kina Erasto naijua, nilikuja mama yake alipougua. Ndiye aliyenipokea. Kanishika mikono yote miwili, kaniambia kwa sauti ya chini afadhali umekuja, huyu siku hizi haongei. Erasto alikuwa nyuma ya nyumba anamenya viazi. Ndevu hazijanyolewa. Kasimama haraka, "Shikamoo mama," hakuniangalia usoni. Nikamjibu marahaba, nikachukua kisu, nikamenya naye. Sikuuliza kitu. Viazi vilipofika nusu akaanza mwenyewe.

Mwezi wa nne kampuni ilifunga kitengo chao chote. Waliwaambia kwenye kikao cha video, kikao kifupi kuliko muda wa kuagiza chai. Wakaambiwa wasimwambie mtu yeyote mpaka kampuni itangaze yenyewe. Kasaini. Mkataba wake unaisha Septemba. Kila asubuhi anaamka akiamini leo watatangaza, naye atakuwa huru kusema. Hawatangazi. Kila siku inayopita inakuwa vigumu zaidi kusema kwa nini hakusema jana.

"Ila wewe sikukukwepa kwa sababu ya kampuni," kasema. "Nikiona jina lako kwenye simu naiona ile karatasi. Nilikuwa nimeisoma, mama. Nilijua inasema nini. Nilidhani haitakuja kuwa na maana."

Nikamwambia nimekusamehe. Ilitoka upesi kuliko nilivyotegemea. Labda nilikuwa nimeshamsamehe ndani ya kivuko.

Baada ya kula kafungua kompyuta. Rekodi zote anazo, zile za mwanzo kabisa kabla hazijakatwakatwa. Kabonyeza. Nikajisikia. Sauti ya miaka sita iliyopita, maji matupu. "Mkutano utaanza saa nne kamili." Kisha mlango unalia. Kisha Salum: "Rukia, chai inapoa, mwache huyo mtoto apumue." Kisha mimi nacheka.

Sikujua ipo. Sikuwa na habari kwamba ipo duniani.

Erasto akatoa flashi mfukoni. "Chukua zote. Ni sauti yako. Wape kina Kulwa, mimi nitasema sijui."

Niliitaka. Naandika hapa ukweli, niliitaka kama mwenye kiu. Nikamwambia hapana. Akinipa, yeye ndiye atakayeitwa mwizi, na programu ya wale vijana itaanza na kitu cha wizi. Kampuni isiyojibu barua za watu haitashindwa kuandika barua ya mwanasheria.

Nikamwomba airudie ile sehemu mara moja. Akairudia. Mama yake akanifungia michembe ya viazi vikavu kwenye karatasi ya gazeti, nikarudi na kivuko cha saa kumi. Nimelia njia nzima. Mama mmoja mwenye kuku kanisogezea leso yake bila kuniuliza kitu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimejilaumu siku nzima. Sekunde nne tu za sauti ya Salum. Nani angejua.

Ningejua mimi. Lakini leo hilo halinitoshi.

Jumanne, 19 Agosti

Kulwa kapiga simu asubuhi anapiga kelele, nikadhani msiba. Erasto kaandika kwenye ukurasa wao wa majadiliano, mbele ya watu wote. Neno moja: "Msisubiri."

Hakueleza, wala hakuitaja kampuni. Wote wameelewa. Kijana wa Nairobi, yule wa kisu mgongoni, kajibu: "Asante kaka. Pole."

Nimemtumia Erasto ujumbe: Umekula? Kajibu ndani ya dakika moja: Nimekula mama.

Nimefurahi mpaka nikashona zipu upande usio wake.

Jumapili, 24 Agosti

Kura Kiseke. Wengi wamekubali kujitenga. Wawili wamekataa, mmoja wao kaaga na kuondoka kabisa, kwa heshima. Imeuma kumwona akizima kamera.

Jina ndilo lililogombaniwa kuliko kujitenga kwenyewe. Kila mtu na lake. Mwisho Mwalimu Deus kasema kabla ya mashine hizi, barua zake zilisomwa na jirani, na jirani mwema ni yule anayesoma kisha anasahau. Basi ikawa Jirani.

Halafu nikafanya kitu sikukipanga. Nimenyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasema na mimi nataka kujaribu sauti. Hii niliyonayo. Makwaruzo yake. Wasinionee haya, wapime tu.

Mpaka nafika nyumbani Igogo nilikuwa najiuliza nimesema nini.

Alhamisi, 28 Agosti

Tumerekodi sampuli, mimi na Minza, sentensi zilezile. Wasioona wenyewe ndio watasikiliza na kuchagua, bila kuambiwa nani ni nani.

Kulwa kanisikilizisha yangu. Sikuipenda. Ni ya mtu aliyeamka sasa hivi. Lakini nilisoma vizuri. Hilo nasema bila aibu, pumzi ilikuwa mahali pake.

Jumanne, 2 Septemba

Mwalimu Deus kaja mwenyewe. Kwa bodaboda, fimbo yake nyeupe kaishika wima kama bendera. Hajawahi kufika kwangu. Kahesabu ngazi kwa mguu, kaniomba nimwelekeze kiti, kakaa. Nikajua.

"Wangeweza kukuandikia," kasema. "Nimekataa. Nimeona nije mwenyewe."

Kanieleza. Wao hawasikilizi polepole kama sisi. Wanaikimbiza programu mara mbili, mara tatu, la sivyo gazeti moja litawachukua siku nzima. Kanisikilizisha anavyosikiliza yeye. Kwangu ilikuwa mvua ya mawe, sikushika neno. Sauti ya Minza ikikimbizwa inabaki na kingo. Yangu ya sasa makwaruzo yanashikana, maneno yanazama. Walisikiliza watu kumi na mmoja. Tisa wamemchagua Minza.

Nikauliza, na wewe? Najua si swali la kuuliza.

"Minza," kasema. "Nisingeweza kukudanganya, Bi Rukia. Umenisomea miaka sita hukunidanganya hata siku moja."

Nikampikia chai ya tangawizi. Tumezungumza mambo mengine, binti yake yuko naye nyumbani sasa, anatapika asubuhi, anataka udongo wa kutafuna. Wakati wa kuondoka kaniomba nimsomee kitu. Chochote. Hapa hapa, kwa mdomo. Nimechukua kitambaa cha sare, nikamsomea kilichoandikwa ukingoni: pamba na poliesta, ufuliwe kwa maji baridi. Alisikiliza kainamisha kichwa kana kwamba ni Juzuu. Tukacheka wote wawili.

Jumatano, 3 Septemba

Sikushona. Sikula mpaka jioni. Nimeswali, nimelala, nimeamka, nimelala.

Jumatatu, 8 Septemba

Jirani imefika kwenye simu za watu. Kwa sasa inasoma kwa sauti ya mashine, Mwalimu anasema ni kama nzi ndani ya debe. Lakini haikatiki. Inafika mwisho wa sentensi. Watu wanaandika kushukuru kutoka mahali ambapo Kulwa hakujua wanaitumia.

Mchana Minza kabisha hodi. Peke yake. Kanipigia magoti kwa shikamoo, sikutegemea kwa binti wa siku hizi. Anaona aibu. Akafikiri nimemchukia. Nimemchukia kidogo, wiki iliyopita. Leo kafika na viatu vya vumbi na daftari la sentensi, chuki sikuiona ilipo.

Ana shida. Kulwa karudisha nusu ya alizorekodi. Nikamwambia soma. Akasoma kwa ile sauti yake ya asali: "Wananchi walijitokeza kwa wingi kupiga kula."

Nimecheka mpaka nikashika meza. Kisukuma chake kinachanganya ra na la, kama nusu ya Mwanza. Uso wake ulianguka. Nikamwambia, mwanangu, asiyeona akisikia hivyo atafika kituoni na sahani. Naye akacheka. Nilimshikisha koo lake, nikamwonyesha ulimi unapogonga na unapolala. Kura. Kula. Kura. Kula. Saa nzima. Alipoipata, akairudia mara tano kwa kujisikia.

Kaniuliza kama anaweza kuja kesho.

Jumamosi, 20 Septemba

Chumba changu kimerudi kuwa studio. Kulwa kaleta magodoro mawili, mimi nimetoa langu. Minza anasoma, mimi nakaa mbele yake na kidole juu kama mkuu wa kwaya. Kikishuka, anapumua. Nimemfundisha kutangaza: usimalize sentensi kama mtu anayeshusha mzigo, imalize kama unayemkabidhi mtu mtoto.

Saa sita Erasto katokea mlangoni, kanyoa, na maikrofoni mpya kaifunga kwenye shuka. Kampuni imetangaza hatimaye. Aya mbili kwenye tovuti yao, jina la Nisomee halimo hata. Hana kazi. Anasema analala usingizi mzito siku hizi, mama yake humwamsha kwa maji.

Kulwa alimwangalia muda mrefu. Kisha akamwambia, "Waya huo umeuzungusha vibaya." Akasogea kumpa nafasi mezani.

Nimepika wali na sato. Hakuna kilichobaki.

Jumatano, 1 Oktoba

Leo tarakimu. Tumeanza asubuhi, moja mpaka mia, kila moja mara tatu: ya kawaida, ya kuuliza, ya kumalizia. Minza sauti haijachoka. Hakosei tena. Siku hizi kidole changu hakiangalii.

Tulipofika thelathini mvua ikashuka juu ya bati, ya kwanza ya vuli. Hakuna kurekodi hapo. Erasto kazima maikrofoni, kafungua mlango. Minza kavua viatu, kanyoosha miguu kizingitini. Nimewamiminia chai. Tumekaa watatu tunatazama maji yanavyoteremka kwenye mawe kuelekea ziwani.

Ilipokatika, Erasto kafunga mlango. Minza kakohoa, kakaa sawa.

Nikamwambia: haya, thelathini na moja.